Mjomba Amewachunguza Masista Kama Wakwe, na Mimi Bado Simwamini Mtu

Tumsifu Yesu Kristo kwa Wakatoliki wenzangu, na wengine wote salaam. Admin nifiche jina tafadhali, maana huku kwetu Ruangwa ukipiga chafya kule Likunja, sokoni mjini unapewa pole.

Mimi ni binti wa miaka 22. Nimemaliza kidato cha sita, nipo nyumbani namsaidia mama shamba la ufuta na mikorosho. Baba alishatangulia mbele za haki. Tangu kipaimara nataka usista, na hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni niingie kwa masista gani, maana mashirika mawili yamenikubali, na ukishaweka nadhiri za daima siyo kama kuhama kwaya. Majina ya mahali nimeyachanganya makusudi. Nitasema masista wa Mtua, upande wa Nachingwea, na masista wa Chinongwe.

Wa Mtua ni wa siku nyingi, wana hata zahanati. Sista wao anayeshughulikia wasichana wanaotaka kujiunga ananipigia simu kila mara, ananiita "mwali wetu". Nilipokwenda kwao wiki ya Njoo Uone, ile ya wasichana kuonja maisha ya utawa, nilipewa soda, wali kuku, chumba cha peke yangu chenye feni. Jamani, mimi nimefuga. Kuku mgeni humwagiwa pumba nyingi ili azoee banda. Na wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilikula, lakini jicho langu lilikuwa mlangoni.

Chinongwe ikawa kinyume. Nimefika tu, nikapewa jembe. Mkuu wao, sista asiye na maneno mengi, akaniambia, "Sisi hatubembelezi mtu, binti. Ukiona panakufaa, rudi." Nikajisemea ehee, hawa nao wanaringia nini? Au kuna kitu hawataki nikione nikikaa sana?

Sasa mkumbuke kwetu Wamwera mtoto ni wa ujombani. Mjomba wangu ni Mwislamu wa swala tano. Mama alibatizwa alipoolewa na baba. Nilijua atakataa. Wapi! Alisema, "Dini yenu siijui, lakini kuoza binti nakujua. Mpwa wangu haendi kuishi kwa watu nisiowachunguza." Akavaa kanzu na kofia, akabeba jogoo, akaenda Mtua, na siku nyingine akabeba jogoo mwingine akaenda Chinongwe, vile vile tunavyochunguza wakwe. Akauliza majirani: hawa wanagombana? Wana uchoyo? Mgonjwa wao anauguzwa na nani? Mama alitaka kufa kwa aibu. Masista wa Mtua walimpokea jogoo kwa vigelegele. Wa Chinongwe walimpa kisu achinje mwenyewe, wakala naye mkeka mmoja.

Nikajua atasema Chinongwe. Aliporudi akasema, "Nenda Mtua. Pale nimeona mabibi wamekaa barazani, wasichana wanawanywesha uji. Chinongwe sikuona mzee hata mmoja. Watu wasiokaa na wazee wao, wakikuchoka wewe watakupeleka wapi?"

Neno lile lilinichoma. Lakini nikaanza kumpigia hesabu na yeye. Mjomba ana sukari, na kidonda cha mguu anakisafishia zahanati ya Mtua. Mtua wanasomesha masista unesi. Nikamuuliza uso kwa uso, "Mjomba, unanichagulia mimi au unauchagulia mguu wako?" Mama akashika mdomo. Mjomba akaniangalia, akasema taratibu, "Mwanangu, na mguu nao ni wangu." Akainuka akaenda zake. Mpaka leo salamu yake kwangu ni ya mkato, na naumia, kwa sababu hakukataa.

Basi nikapanda bodaboda mpaka Chinongwe nikaulize mwenyewe. Nilimkuta yule sista mkuu anapalilia mihogo. Nikamwambia, "Sista, samahani, wazee wenu mmewaweka wapi?" Akaegemea jembe, akacheka mpaka akatoa machozi. "Hatuna, binti. Shirika letu changa, mkubwa kuliko wote ni mimi. Hakuna aliyewahi kuzeeka humu. Nikizeeka, labda ni wewe utakayeninywesha uji. Na labda hutakuwepo. Sikuahidi kitu."

Nilirudi nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Je, ule ni ukweli, au ndiyo ndoano yenyewe, ya kumnasa mtu kama mimi anayechukia kubembelezwa? Nikamgusia yule sista wa Mtua kwenye simu. Akashusha pumzi, akasema, "Mwali wetu, mashirika machanga mengine hufa. Usije ukapoteza ujana wako." Hakuwasema vibaya wa Chinongwe, ila nikajiuliza, huyu ananionea huruma au anatetea mchumba wake?

Baba paroko nimemwendea, anasema "sali, Mungu atakuonyesha". Nasali. Nikipiga magoti namsikia mjomba, namsikia mama, nawasikia masista wa pande zote. Mungu simsikii. Na pande zote mbili wanataka jibu kabla ya Pasaka.

Nikienda Mtua, najua nitakula nini, nitasomea nini na nitazikwa wapi. Nikienda Chinongwe, sijui kama shirika lenyewe litakuwepo siku ya kunizika. Na bado kila asubuhi nikiamka, moyo wangu umeshatangulia Chinongwe. Huo moyo ndio nisiouamini kuliko watu wote niliowataja hapa, maana ni wangu, na unajua jinsi ya kunidanganya.

Msinitukane, na msiniambie niolewe. Nawaomba hasa ninyi masista mnaopita humu kimya kimya bila kuacha hata alama ya like: ninyi mlijuaje? Niambieni, nibishe mlango upi?