Nusu Iliyosomwa Ngao

Jumapili ile mama mkwe wangu alinipakulia chakula kwenye sahani ya wageni. Ni ile nyeupe yenye maua ya buluu ukingoni, inayokaa kabatini chini ya kitambaa, ambayo mara ya mwisho niliiona mbele ya mchungaji. Akaniwekea kiti barazani, kisha akarudi jikoni na kula huko peke yake. Tangu niolewe kijijini Ngao, mimi na yeye tumekula sinia moja, jikoni, miguu tumeinyoosha mkekani, tukigombania kichwa cha kambare. Nilikaa pale kwenye kiti, sahani magotini, wali umepambwa kama wa harusi, njaa ikaniisha yote.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa kitambo. Nimepalilia mpunga wa mama yule, nimekuna nazi zake, nimemkanda mgongo akiumwa. Sasa nimenyang'anywa jembe na kurudishwa ugenini, wala sikujua nimekosa nini. Niliposhukuru na kuaga, hakusema "Utakuja Jumapili?" kama kawaida yake. Alisema, "Haya, safari njema," maneno ambayo mtu humwambia afisa wa kilimo.

Mimi si mtu wa huku kwa asili. Watu wetu walitoka kusini, upande wa Malindi, wakafuata maji ya Tana, nami nikamfuata mwanamume wa Ngao. Lugha yetu mama mkwe haijui, na Kipokomo chake nakisikia lakini nikikisema nakivunja mbavu, kwa hiyo tumezungumza Kiswahili tangu siku ya kwanza, kila mmoja na makosa yake. Mume wangu alifia mtoni wakati wa mafuriko. Alivuka kwenda kuokoa ndizi za shamba la ng'ambo, mtumbwi ukapinduka, akaja kupatikana chini huko maji yalipopungua. Siku hiyo mimi nilikuwa mjini Garsen, dukani kwangu. Hatukujaliwa watoto, na dada zake wameolewa mbali. Mama akabaki peke yake Ngao, mimi peke yangu Garsen, na Jumapili ndiyo siku tuliyokuwa watu wawili. Sioni haya kusema kwamba sikuwa na mtu mwingine.

Duka langu ni la kupiga chapa na kutoa fotokopi, karibu na stendi. Umeme ukipotea adhuhuri wateja nao hupotea, hubaki mimi, joto, na rundo la karatasi zilizoharibika mashine ilipozitafuna. Nyuma ya karatasi hizo ndiko nilikoandikia kitabu changu. Baada ya matanga, kila aliyeingia dukani aliniuliza, "Umeshazoea sasa?" Nami nilijibu nimezoea, maana ukijibu hapana mtu hukosa pa kutazama. Siku moja nililiandika jibu lile, likawa sentensi ya kwanza ya kitabu: Nimezoea kukaa peke yangu.

Ni hadithi ya kutisha isiyo na jini wala mchawi. Mwanamke anasimulia jinsi mume wake alivyopotelea mtoni. Anasimulia kwa machozi, na wewe unalia naye, unamngojea naye kivukoni. Ukifika katikati unaanza kuona mambo hayakai sawa: jana alisema kulikuwa na mvua, leo anasema jua. Mwishoni unagundua kwamba aliuona ufa wa mtumbwi asubuhi ile, akanyamaza, akampungia mume wake mkono. Nilitaka msomaji aketi na mwongo mpaka ampende, kisha ashtuke. Kiburi changu chote kilikuwa hapo.

Kilipochapishwa, wasomaji nao walinitoa kiburi, kila mmoja kwa njia yake. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu alinirudishia nakala yake imejaa wino mwekundu. Kila mahali mwanamke alipojipinga, yeye alikuwa amepiga mstari na kuandika pembeni, "Umesahau uliyoyasema nyuma." Alinihurumia kweli. Alisema nikiandika tena nimpelekee kwanza anisahihishie. Kijana wa bodaboda alinisimamia mlangoni bila kuzima pikipiki. "Mathe, huyo mama alinicheza vibaya! Mimi nilikuwa upande wake hadi ukurasa wa mwisho, kumbe ni yeye!" Akacheka, akaondoka, vumbi likaniingilia dukani. Mfanyabiashara wa ng'ombe aliyesomewa na binti yake alinijia na uso mkavu. "Mimi mtu akinidanganya mara moja nafunga maskio," akasema. "Mtu ya uongo hata ng'ombe yake hatununui. Wewe kwa nini unaandika yeye?" Na wale wa Nairobi walinitumia ujumbe wa simu, wote wakiimba wimbo mmoja: nilijua tangu mwanzo. Hakuna hata mmoja aliyejua tangu mwanzo. Ningependa kumwona huyo aliyejua tangu mwanzo.

Nilicheka nao, lakini wakishaondoka duka lilikuwa kimya kuliko kabla hawajaja. Walikuja kuzungumza nami habari za mwanamke asiyekuwepo, wakamjadili, wakamlaani, wakamwonea huruma. Mimi niliyekuwepo walinipita kama mlango. Hilo sikulitarajia kabisa. Nilidhani kitabu kingeniletea watu.

Jumapili ya pili sahani ilikuwa ile ile, na kiti pale pale. Nje ya kanisa wanawake wa Ngao walinisalimia kwa ncha za vidole. Mchungaji akanivuta pembeni na kuniambia kwa upole kwamba mtu akiwa na mzigo, kanisani ndipo mahali pa kuutua. Nilifikiri anataka fungu la kumi la kitabu, nikamwambia kitabu hakijaleta kitu. Akanitazama kwa huzuni kubwa zaidi.

Siri ilifichuka dukani, mchana mweupe. Aliingia mwanamke wa kijiji cha Idsowe kutoa fotokopi ya kitambulisho. Aliponitambua aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, machozi yakamlengalenga.

"Pole, mwenzangu," akasema. "Vile ulivyomngojea mzee pale kivukoni na chakula kinapoa! Tumelia sisi."

Nikamwambia ile ni hadithi tu.

"Ndiyo," akasema, "hadithi yako."

Akatoa mfukoni kitabu changu. Kilikuwa chembamba, kimekonda kama kilichotoka kuugua. Mgongo ulikuwa umekatwa kwa kisu kikali na kushonwa upya kwa uzi wa nyavu, na nyuma kimetiwa jalada la karatasi ya mfuko wa saruji. Kazi safi kabisa. Nikafunua mwisho, nikakuta hadithi inakomea katikati, mwanamke bado analia kivukoni, bado ni mwema.

"Na nusu ya pili?"

"Iko Ngao. Tukimaliza, tunabadilishana."

Kikundi cha wanawake wa kanisa kina watu wa vijiji kadhaa vya mtoni, na walinunua nakala moja kwa wote. Wakafanya walivyofanya mama zao zamani na kitabu cha nyimbo kilipokuwa kimoja: walikikata katikati, wakashona kila nusu peke yake, ili kijiji kimoja kisikae bure kikingoja kingine. Ndivyo wanavyogawana sufuria kubwa ya sherehe, ndivyo wanavyogawana pampu ya shamba. Ni mtindo mzuri, sina neno nao. Ila kitabu changu ndicho kitu pekee ambacho hakikatiki. Idsowe walipewa mjane, Ngao wakapewa muuaji. Na kwenye makanisa yetu mtu akisimama mbele ya watu na kusema "mimi", huyo anatoa ushuhuda. Hakuna anayesimama na kusema mimi kwa dhambi ya jirani. Basi mama mkwe wangu, asiyejua kusoma, aliketi barazani na wenzake akasikia sauti ikisema: niliuona ufa, nikanyamaza.

Nilifunga duka kabla ya saa zake. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ni ya moto wa makuti, inawaka yote mara moja. Niliwakasirikia wanawake, nikakikasirikia kisu chao, kisha nikamkasirikia yeye. Mtoto wake alipozikwa, yeye ndiye aliyenishika nisijitupe kaburini. Anawezaje kusikiliza karatasi kuliko hayo? Hasira ilipopoa nikaona kilichokuwa chini yake, nacho kilikuwa woga. Lisemwalo lipo. Huenda hakuhitaji kitabu. Huenda alikuwa akiniwazia hivyo tangu siku ile, na kitabu kilimpa maneno tu. Kama ni hivyo, basi hata zile Jumapili nilizokuwa na mtu, sikuwa na mtu.

Nyumbani nilikuwa na nakala nzima, lakini nilitaka ile nusu, ili mama aione kwa macho kwamba kuna kitu walikosa. Nikamfuata mwanamke wa Idsowe. Alinipa shingo upande, akisema hawajamaliza na kuna wanaoingoja kwa hamu. Nilimwahidi ningeirudisha.

Jumapili, baada ya ibada, mama aliponiona akaanza kubeba kiti. Nilimpita, nikaingia jikoni, nikakaa mkekani. Alisimama mlangoni na kiti mikononi, hajui akiweke wapi, kisha akakiacha hapo hapo.

"Mama," nikamwambia, "kitabu mlichosomewa kilianzia katikati."

"Najua. Msomaji alisema mwanzo uko Idsowe."

"Unaona mimi nilimuua mwanao?"

Aliinama, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Nilisikia kuni zikilia. Nilijua akisema ndiyo nitasimama nitoke, na sitakuwa na pa kwenda Jumapili nyingine maisha yangu yote.

"Yule anasema mimi," akasema hatimaye, bila kugeuka. "Na mtumbwi ule anaujua. Ule mtumbwi wa kitabu una kiraka cha bati nyuma, kimepigiliwa misumari. Kiraka hicho alipiga mwanangu hapa uani, mimi nikimshikia bati. Nani mwingine anakijua?"

Hapo ndipo nilipomwelewa. Wengine wote walisikia neno "mimi". Yeye alisikia kiraka.

"Nilikitia kwa sababu ni chake," nikasema. "Sikuwa na kitu chake kingine cha kutia. Nguo ziligawanywa, redio alichukua dada yake mmoja. Kile nilikuwa nakikumbuka, nikakitia kitabuni kisipotee."

Alikaa kwenye kigoda, akafuta mikono kwenye leso. Baadaye akasema, "Haya. Nisomee huo mwanzo."

Nikafungua. Nikaanza kusoma.

"Nimezoea kukaa peke yangu. Asubuhi huamka, nikafagia—"

"Simama hapo."

Nikasimama.

"Huyo mwongo," akasema.

Nilitaka kucheka. Mwalimu mkuu alihitaji kitabu kizima na kalamu nyekundu, kijana wa bodaboda alifika ukurasa wa mwisho. "Mama, bado hajasema kitu. Watu hufika katikati ndipo wanaanza kumshuku."

"Mwongo. Hakuna anayezoea." Alikuwa anautazama moto. "Mimi nawaambia watu hivyo hivyo. Binti yangu akipiga simu kutoka Hola, akitaka niende nikae naye, namwambia la, nimezoea. Na wewe uliniambia, hapa hapa, Jumapili ya kwanza baada ya matanga. Umezoea? Nimezoea. Na wewe mama? Nimezoea. Tukadanganyana, tukala."

Nililikumbuka. Tulikuwa tumekaa pale pale.

"Wangenisomea neno hilo kwanza," akasema, "ningekujua."

Nilishindwa kuendelea kusoma. Nililia kwa sauti, kilio ambacho sikulia makaburini, na yeye hakuninyamazisha wala hakuniambia pole. Alilia kidogo naye, kwa upande wake, akipenga makamasi kwenye leso. Kisha akainuka, akakirudisha kiti barazani na sahani ya maua kabatini. Aliporudi alikuwa na nazi iliyovunjwa, akaisukuma mbuzi ya kukunia kwa mguu mpaka ikanifikia gotini.

"Kuna," akasema. "Na leo usiwahi kuondoka."