Marejeo ya Dukani kwa Asmahani

Asubuhi Asmahani alipofungua duka akiwa amevaa miwani ya kusomea, majirani zake wa karibu na stendi ya Kasulu walijua kuna jambo. Huyu alikuwa muuza vitenge na kanga, mke wa Khatibu, mama yake Asia, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na kicheko cha kusikika mpaka kwa fundi viatu. Miwani haikuwa kawaida yake. Kumbe chini ya meza, pembeni ya mkasi, palikuwa na kompyuta ndogo iliyochomekwa modemu, na ndani ya kompyuta hiyo palikuwa na chuo.

Ndiyo, chuo kizima. Mwaka huo wa 2014 Asmahani alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa njia ya mtandao. Chuo chenyewe kilikuwa Dar es Salaam, na geti lake hakuwahi kuliona hata kwa picha. Alimaliza kidato cha sita, akaolewa, akazaa, na hamu ya kusoma ikamkaa rohoni miaka yote ile bila kuzeeka. Sasa aliisubiri Jumatatu kwa shauku kuliko alivyosubiri mzigo wa vitenge kutoka Kigoma mjini, maana Jumatatu ndipo mwalimu wa somo la Uandishi, Saady, alipoweka makala ya kusoma na swali la kujibu. Mtandao ukisuasua, Asmahani alitoka nje na kompyuta mikononi, akageuka huku na huku kama anayetafuta kibla. Wapita njia walicheka, naye akacheka nao.

Makala ya wiki hiyo ilihusu salamu. Mwandishi, mtu wa mjini bila shaka, alidai kwamba salamu ndefu za vijijini zinakula muda wa kazi. Alitaka watu watosheke na neno moja, kisha kila mtu ashike njia yake. Swali la Saady lilikuwa fupi: unakubali au unapinga? Toa ushahidi.

Jamani, unakwenda kuwaambia hayo Waha, wenyeji wa Kasulu? Watu ambao wakikutana njiani huinama, hupiga makofi ya taratibu, kisha huuliziana nyumba, watoto, ng'ombe na mvua? Asmahani aliisoma aya ya kwanza kimoyomoyo. Ya pili ilimshinda, akaisoma kwa sauti.

"Rudia hapo, Mama Asia," alisema Mzee Stanislaus, mkulima wa maharage kutoka Nyakitonto, aliyekuja kumchagulia mkewe kitenge.

Akarudia. Mzee akakiweka kitenge chini.

"Huyo aliyeandika hana jirani. Mimi nilimsalimu Pasikali, nyumba yake na yangu zinatazamana. Akaitika, lakini hakuniulizia mbuzi wangu. Pasikali! Nikajua huyu mtu hayuko sawa. Nikamfuata ndani, nikamkuta anatetemeka, malaria imempanda kichwani. Tukamkimbiza hospitali kwa pikipiki. Ningesema neno moja nikapita, si tungemzika?"

Therese naye akadakia. Alikuwa Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, aliyekuwa akichukua vitenge kwa Asmahani na kwenda kuviuza soko la Makere, na siku hiyo alikuwa na kibali cha kutoka kambini.

"Miye, vraiment, kweli kabisa, salamu ndiyo ilinirudishia dada yangu. Tulikuwa ku bomba ya maji. Mama moja ananisalimia, anauliza natoka wapi. Namwambia. Anauliza kijiji gani, mtoto wa nani. Kumbe anaishi nyumba moja na dada yangu! Tungesema bonjour tu, dada yangu angekuwa ku zone ingine ya kambi ile ile, na miye sijue."

Duka likageuka bunge. Waliokuja kununua walisahau kununua, na waliokuja kupiga soga wakapata soga la kushiba. Asmahani hakujali biashara hata kidogo. Vidole vilikuwa vinamwasha. Wateja walipotoka, aliandika bila kunyanyua kichwa, akaweka mambo ya Pasikali, akaweka ya bomba la maji, akatuma. Kisha akajifunga kanga kiunoni na kucheza peke yake katikati ya duka.

Jibu la Saady lilimkatisha ngoma hiyo.

"Kazi yako inavutia, lakini haikuandikwa na mtu mmoja. Huku nasikia mkulima, kule nasikia mtu wa Kongo. Umenakili wapi? Usipoonyesha vyanzo vyako kabla ya Ijumaa, utaondolewa kwenye somo kwa wizi wa maandishi."

Asmahani alivua miwani. Mwizi, yeye! Hakuwa ameficha kitu. Alikuwa ameshika adabu. Mahali alipokulia, kusema "fulani bin fulani alisema hivi" ni mwanzo wa kesi. Ukisikia umetajwa namna hiyo, jiandae kuitwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Neno jema linalosemwa dukani huondoka na yeyote bila jina la msemaji. Ndivyo alivyofanya, na sasa adabu yenyewe ilitaka kumfukuzisha chuo.

Hakulia. Alimwachia Khatibu duka, akapanda pikipiki hadi Makere, akafika na matope mpaka kwenye ushungi. Alimkuta Therese sokoni, akamweleza: chuo kinataka jina.

Therese aliacha kukunja vitenge. Asmahani akadhani amemwogopesha, akaanza kuomba radhi.

"Hapana, dada," Therese alisema. "Jina langu iko mu karatasi ya mgao wa unga. Iko mu karatasi ya dispensaire. Mu kazi ya chuo haijaingia hata siku moja. Andika yote. Weka na jina ya baba."

Asmahani alimkumbatia pale pale mbele ya wanunuzi. Mzee Stanislaus naye, alipoulizwa kwa simu, aliridhia. Usiku hata haujaingia, marejeo yalikwisha tumwa: Stanislaus, mkulima, mazungumzo ya dukani, Kasulu. Therese, mchuuzi wa vitenge, mazungumzo ya dukani, Kasulu, na jina la baba yake kamili.

Saady hakuridhika. Majina, aliandika, hata mimi naweza kuyatunga. Angepiga simu mwenyewe Alhamisi asubuhi azungumze na mmoja wao.

Alhamisi hiyo Mzee Stanislaus alifika na koti lake la kanisani. Simu ikaita. Asmahani akaweka sauti ya juu, akamkabidhi mzee.

"Habari za asubuhi, mzee. Nina swali moja tu la haraka."

Mzee alikaa vizuri kwenye kigoda. Akasafisha koo.

"Mwakeye, mwalimu. Umeamkaje?"

"Salama. Swali langu..."

"Na hapo nyumbani wameamkaje?"

"Wazima, mzee. Nilitaka kujua kama..."

"Watoto?"

Asmahani alimkonyeza, akamwashiria kwa mkono, akatamani amnyang'anye simu. Chuo kinaponyoka hivi hivi, kwa salamu! Mzee hakumtazama.

"Na mama aliyekuzaa, hajambo?"

Asmahani alidhani mtandao umekatika.

"Mama amelazwa, mzee," sauti ilisema, na haikuwa tena sauti ya mwalimu. "Presha. Hapa kazini sijamwambia mtu."

"Ego, nimekusikia, mwanangu. Nani yuko naye?"

"Dada yangu."

"Wewe umekula?"

"Bado."

Wakaendelea. Mzee aliulizia dawa, akaulizia dada, akaulizia kama mama anaweza kumeza uji. Saady aliyekuwa na haraka akajibu yote, moja moja, hadi salio lake likaisha na simu ikakata katikati ya neno.

"Mzee!" Asmahani alishika kichwa. "Hajakuuliza swali lake!"

"Ataliuliza kesho," Stanislaus alisema, akafungua vifungo vya koti. "Leo tulikuwa bado tunasalimiana."

Ijumaa Asmahani alifungua kompyuta kwa jicho moja. Alisoma, akapiga kigelegele kilichomfanya fundi viatu aache sindano na kuja mbio. Ilibidi aisome upya kwa sauti, kwa duka zima:

"Umefaulu, na umefaulu vizuri. Ila marejeo yako hayajakamilika. Chini ya Therese ongeza: Saady, mwalimu, mazungumzo ya simu. Na tafadhali mwambie mzee, mama ameamka. Ameomba uji."