Kamba Mbili Nilizozitazama kwa Macho

Ipo siku moja, mwanangu Keza, ambayo naikumbuka kila ninaposikia mlango wa lifti ukifunguka. Nilikuwa na umri kama wako, kichwa kimenivimba kwa sababu baba yangu, yaani babu yako, alikuwa ameanza kuniacha nitie sahihi mwenyewe kwenye daftari la ukaguzi.

Wewe umeikuta kampuni ina ofisi na magari, kwa hiyo ngoja nikueleze ilivyoanza. Babu yako alirudi nyumbani kutoka Mwanza alikokulia, akiwa na sanduku moja la spana na ujuzi wa winchi za maghala ya pamba. Akakodi chumba mtaa wa Biryogo, hapa Kigali, katikati ya mafundi cherehani, akawa anatengeneza winchi za kupandishia zege na matofali. Majengo ya Kigali yaliporefuka, naye akajifunza lifti. Wale mafundi cherehani ndio waliokuwa wakitupatia vitambaa vya kupimia, masalio ya kanzu na mashati.

Kipimo chenyewe unakijua. Unashika kitambaa cha pamba kikigusa kamba ya chuma, lifti inakwenda polepole, na popote uzi wa chuma ulipokatika, kitambaa kinanasa. Grisi huufunika uzi uliokatika mtu asiuone, lakini kitambaa hakidanganyiki. Halafu palikuwa na desturi ya nyumba yetu: aliyetia sahihi hupanda lifti wa kwanza, pamoja na mtu wa nyumbani kwake. Wateja walidhani ni mbwembwe zetu tu.

Siku hiyo tulikuwa tunairudisha kazini lifti ya jengo la ofisi kule Kimihurura, iliyosimama kwa matengenezo. Ilikuwa na kamba nne. Rafiki yangu alikuwa akiposwa alasiri hiyo Kagarama, vazi langu la mushanana la kuvaa kwenye gusaba, yaani sherehe ya posa, limetundikwa kwenye chumba cha mlinzi, nami nina grisi mpaka viwikoni. Nikapima kamba mbili kwa kitambaa. Mbili nikazitazama kwa macho. Nikatia sahihi ya zote nne, tena kwa mwandiko mzuri.

Niliposhuka kutoka chumba cha mashine kule juu nilimkuta mama yangu mbele ya lifti. Baba ndiye aliyemwita. Mama hakuwa amewahi kupanda lifti maishani mwake, na alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Hii kitu mimi naiogopa," aliniambia. "Lakini Papa wako anasema ni wewe umepima. Basi iko sawa."

Tukaingia. Kidole changu kilifika kwenye kitufe kikagoma. Mama akanitabasamia, akidhani nami naogopa kama yeye. Nilimpenda sana wakati ule, na nilijichukia. Nikamshika mkono, nikamtoa nje, nikamweleza baba ukweli mbele yake.

Baba hakupandisha sauti. Alivua saa yake akaitia mfukoni, kama alivyofanya kila alipotaka kushika kazi.

"Mukobwa wanjye," alisema, "binti yangu, kama hiyo kazi haimtoshi mama yako, mama wa watu ingemtoshaje?"

Tulipanda ngazi pamoja hadi juu. Kamba ya tatu ilipita salama. Ya nne ilinasa kitambaa mara tatu. Sitakudanganya kwamba lifti ingeanguka, maana kamba nyingine zilikuwa nzima na breki ya dharura ilikuwepo. Lakini nilipotia sahihi sikulijua hilo, nilibahatisha tu. Baba alimpigia mwenye jengo akamwambia tumekosea, na watu wa ofisi zile wakapanda ngazi siku nne zaidi. Gusaba niliisikia kwa kusimuliwa. Kamba mpya zilipofungwa, mama alirudi na kitenge kilekile, tukapanda naye mpaka juu, na hakuwahi kunikumbusha jambo lile.

Leo hatuna daftari. Unagusa tableti, alama ya kijani inatokea, na kijani hicho hakijui kama umepanda juu au umekaa kwenye gari. Nasaha yangu ni hii, mwanangu: usitie sahihi ya kitu ambacho mikono yako haijakifikia. Na ukishakosea, sema wakati mlango bado uko wazi. Aibu utaipata, nami niliipata, lakini aibu hupita na watu wanakuwa wazima.

Leo mchana unakabidhi lifti yako ya kwanza, na mtu wako wa nyumbani ni mimi. Nitakuwa pale saa nane na goti langu bovu. Ukiniambia bado, nitaomba kiti kwa mlinzi, nitasubiri, wala sitakuuliza sababu. Ukiniambia tayari, nitaingia.

Imana ikurinde, Mungu akulinde wewe na kila atakayepanda baada yangu.