Kikapu Katika Bustani ya Mfalme

Je, wewe ungekubali kupigwa picha ya Krismasi ukiwa na kikapu cha majani chai mgongoni? Usijibu haraka.

Gibson Kipyegon alikuwa mchoraji wa mabango pale Litein, mji uliozungukwa na mashamba ya chai. Mwaka wa tisini na nne, Nganga, mwenye studio ya picha, alimpa kazi ya kuchora pazia jipya la kuwasimamisha wateja mbele yake wakipigwa picha: jumba la mfalme wa Uzunguni na bustani yake mbele. Mfano ulikuwa kwenye kifuniko cha mkebe wa biskuti.

Minara haikumsumbua. Bustani ndiyo iliyomshinda. Ile miti mifupi iliyonyolewa mstari kwa mstari, mkono wake uliijua kwa namna moja tu: kila alipoichora, ilitoka michai. Kwanza alicheka. Kisha hasira ikampanda. Majumba kama yale yalinenepa kwa jasho la nani, kama si la watu walionyang'anywa vilima vyao, kisha wakaandikwa kazi humo humo? Akachovya brashi, na katikati ya bustani akamweka mwanamke aliyeinama, kitambaa chekundu kichwani, kikapu mgongoni. Alikuwa mamake, Cherotich, aliyemsomesha kwa mgongo huo huo.

Nganga alipoona, alishika kiuno. "Wee Gibson! Mfalme ameanza kuchuma chai lini?"

"Hachumi. Anachumiwa."

"Watu wanatoka shambani wamechoka, wanavaa vizuri, wanakuja kwangu wasahau. Na wewe unawarudisha kazini! Futa huyo mama."

"Sifuti. Jumba ni lake."

"Haya, mwanasiasa. Kesho ni sikukuu. Mteja mmoja tu asipompenda, unamfuta."

"Hakuna mchumaji atamkataa mwenzake," Gibson akajibu, akaenda kulala bila wasiwasi.

Asubuhi, mteja wa kwanza aliingia na gauni la samawati, viatu mkononi visichafuke matope. Alikuwa Cherotich.

"Nilitaka kukushtua, kijana yangu." Akalitazama pazia kwa muda mrefu, akagusa kile kitambaa chekundu. "Ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

Cherotich alivaa viatu, akasimama mbele ya jumba, akasogea kushoto.

"Baba, angalia vizuri," akamwambia Nganga. "Kikapu inaonekana?"

"Kidogo, mama."

Akasogea tena, akatandaza gauni. "Na sasa?"

"Sasa haionekani." Nganga akapiga picha, kisha kwa mguu akamsukumia Gibson mkebe wa rangi ya kijani.