Kumwangalia Tata Machoni

Mwaka wa mwisho wa chuo kikuu tulikuwa na somo la savoir-être, yaani namna ya kuishi na watu kazini. Mwalimu alisoma kutoka kwenye silabasi yake, nasi tukaandika neno kwa neno: msalimie mkuu wako kwa sauti, mtazame machoni, usijikunyate. Nikakariri yote. Kwenye mtihani nilipata kumi na saba juu ya ishirini, na muda wote huo sikumtazama mtu yeyote machoni, hata huyo mwalimu.

Mahojiano yangu ya kwanza yalikuwa Fungurume, kwenye kampuni ndogo inayohudumia migodi. Nilikaa mbele ya watu watatu nikajibu kila swali. Maji machafu, udongo, sheria za mazingira, vyote vilinitoka kama sala. Kisha mmoja wao, mama wa ofisi ya wafanyakazi, akanisindikiza mpaka mlangoni, akanishika mkono.

"Mutoto yangu, bitu unajua," akasema. "Lakini ulisema na meza. Siye tulikuwa upande ingine."

Kazi sikuipata. Nilirudi nyumbani Dilala na hasira, na hasira hiyo nikaitafutia mwenyewe: tata, baba yangu.

Kwetu, familia zilizotoka Kasai, msichana hamkodolei macho baba yake. Unampelekea maji ya kunawa, unapiga goti, unatazama chini. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nililelewa barabara. Tata alikuwa fundi wa kulehemu, mstaafu, mtu wa maneno machache. Jioni hiyo nilimweleza yote, macho yangu kwenye sahani yake, kisha nikaongeza kwamba nimekosa kazi kwa sababu ya heshima yake. Mama alijishika mdomo. Tata alimaliza bukari yake, ugali wa kwetu, akanawa, akatoka nje. Nilijuta papo hapo, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Kesho yake jioni nilimkuta sebuleni, amevaa suti yake ya kanisani na tai, daftari mbele yake.

"Toka inje, upige hodi," akasema. "Leo mi njo patron, mukubwa wa kazi."

Mama alicheka jikoni mpaka akaweka mwiko chini. Mimi pia nilicheka. Tata hakucheka. Nikatoka, nikapiga hodi, nikaingia, nikasalimia: bonjour monsieur.

"Meza haina na kazi ya kukupa. Ingia tena."

Sikuweza. Jioni ya kwanza macho yangu yalifika kwenye tai, yakakwama hapo. Ya pili yalifika kidevuni. Ya tatu niliyapandisha mpaka kwenye masharubu, jasho likinitoka, na yeye pia alikuwa akitoka jasho ndani ya suti ile. Ndipo nilipoelewa kwamba jambo hili lilikuwa gumu kwake kuliko kwangu. Hakuwahi kumtazama baba yake hivyo mpaka wakamzika, na sasa alikuwa akimwomba binti yake amkosee adabu, ili binti apate kazi. Nilimpenda siku hiyo kuliko nilivyowahi kumpenda.

Kampuni nyingine ilikuwa imeniita kwa mahojiano Jumatatu. Jumapili, baada ya ibada, tata hakuvua hata koti. Aliketi mezani.

"Juu ya nini tukamate weye, tuache bengine?"

Nikainua macho, nikamtazama. Jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu mweupe, kama maji ya kuoshea mchele. Halikuwa likiniona.

"Tata, jicho yako..."

"Jibia patron kwanza."

Nikajibu. Nilimweleza nilichosoma, ninachoweza na nisichokijua bado, machozi yakinitiririka, na sikuyaondoa macho usoni pake mpaka nikamaliza. Akaitika kwa kichwa, akalegeza tai.

"Sasa wende," akasema.

Jumatatu niliwatazama watu wanne, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyenitisha. Kazi niliipata. Siku yangu ya kwanza ya mapumziko nilimpandisha tata kwenye taximoto, nikakaa nyuma yake nikimshika kiunoni, tukaenda hospitali. Daktari wa macho alimulika kwa muda mrefu. La kulia lingeweza kutunzwa, akasema. La kushoto tulikuwa tumechelewa. Akauliza lilianza lini kufifia.

Tata, aliyenikataza siku nne mfululizo kutazama chini, aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake.

"Tangu mutoto alianza université," akasema. "Pesa ilikuwa moja tu. Sikupenda aache masomo."

Miaka mitano. Kila jioni ya miaka hiyo nilipiga goti mbele yake na maji ya kunawa, na sikuona.