Fumbo la Idd Lililopakwa Rangi Ukutani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya msingi pale Mkata, Mwalimu Mkuu alinitazama mikono kabla hajaitikia shikamoo yangu.

"Fimbo yako iko wapi?"

Nikamwambia nimekuja na chaki.

"Chaki itaandika, binti yangu. Kufundisha atafundisha nani?"

Imla siku zile ilikwenda hivyo: mwalimu anatamka neno, mtoto analiandika, akikosea anachapwa. Watoto wakawa mabingwa wa kukwepa fimbo, na tahajia ikabaki pale pale.

Wiki ya kuelekea Idd ndiyo iliyonishinda kabisa. Darasa la Pili wameketi madawatini, roho ziko kwenye pilau. Kwa hasira tu nikachora ubaoni mraba wenye vyumba vidogo vidogo, nikaficha ndani yake maneno ya sikukuu: kanzu, futari, mbuzi, pilau, sadaka. Mengine niliyalaza, mengine nikayasimamisha, na vyumba vilivyobaki nikavijaza herufi zozote zilizonijia. Hilo ndilo fumbo la maneno. Mtoto anayetafuta "futari" hana budi azishike herufi zake kichwani kwa mpangilio, la sivyo halioni. Siku hiyo darasa lilinigombania chaki.

Nikahamishiwa Mazinde, kwa watoto ambao babu zao walikuwa manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge. Mwalimu Mkuu wa huko aliogopa lawama kuliko nyoka.

"Mwalimu, hapa kuna dini zote. Ukiweka Idd, wa Krismasi watanuna."

Nikamwambia watoto hawa wote hula sahani za jirani sikukuu zote mbili, atanuna nani? Nikatunga na la Krismasi, na wa kwanza kuliona neno "kwaya" alikuwa mtoto aitwaye Ramadhani. Kilichonitia kichaa ni semina. Mwezeshaji alitugawia mfano wa fumbo la Krismasi lenye neno "theluji". Theluji, Mazinde! Nilimaliza nusu ya kipindi nikieleza barafu ambayo haikutoka kwenye friji ya dukani.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Korogwe, na huko nilikutana na Mwalimu Mkuu aliyeyapenda mafumbo yangu. Mungu aniepushe na mapenzi ya namna ile. Aliona darasa linavyochangamka, akaita fundi na kopo la rangi ya mafuta.

"Chaki hufutika, Mwalimu. Hili la Idd tulipake ukutani lidumu."

Nilimweleza kwamba fumbo likishafumbuliwa limekwisha kazi. Akacheka, akasema ukuta unaozungumza ni zana ya kufundishia. Basi ukazungumza. Kila asubuhi darasa zima liliimba: kanzu, futari, mbuzi, pilau, sadaka! Waliimba hata wakiwa wamegeukia dirishani.

Aliyeimba kwa sauti kubwa kuliko wote ni Mwanaidi, msichana aliyekuwa amekwisha kurudia Darasa la Pili mara moja. Baba yake alikuwa ameapa kwamba asipopanda darasa safari hii, atabaki nyumbani aamie ndege wasile mpunga. Nami nilijua, kama ninavyoijua njia ya kwangu, kwamba Mwanaidi hasomi.

Akaja mthibiti ubora wa shule, yule ambaye zamani tulimwita mkaguzi. Mwalimu Mkuu akamsimamisha Mwanaidi mbele ya ukuta na kijiti mkononi. Akatiririka. Kijiti kilikuwa kwenye mbuzi, mdomo ulikuwa kwenye sadaka. Mgeni, aliyekaa nyuma kabisa, akapiga makofi.

"Huyu anasoma vizuri. Apande."

Ningenyamaza, angepanda, na angefika Darasa la Saba akiimba kuta. Nikasimama.

"Samahani. Hasomi, anaimba."

Nikachora ubaoni fumbo jingine, fupi. Mwanaidi alilitazama, akatazama miguu yake, machozi yakamtoka. Nilimwonea huruma. Mgeni alipoondoka, Mwalimu Mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Umetuvua nguo, Mwalimu!"

Kesho yake akaja baba yake Mwanaidi.

"Umemwaibisha mwanangu mbele ya wageni. Basi. Mpunga unamngoja."

"Baba Mwanaidi, nipe mpaka Idd."

"Idd ikifika?"

"Nikishindwa, mchukue. Sitakuja kugonga mlango wako."

Kila siku baada ya masomo nilimchorea fumbo jipya. Sikurudia hata moja. Aliguna, alikosea, alinikasirisha, nami nilimkasirisha. Akaanza kuona maneno mafupi, kisha marefu.

Siku moja kabla ya sikukuu baba yake alikuja na baiskeli, akasimama mlangoni bila kuketi. Mwanaidi akayatoa maneno yangu yote kwenye fumbo la siku hiyo ubaoni, moja baada ya jingine. Kisha akaweka kidole pembeni.

"Na hili, Mwalimu. Kuni."

"Hakuna kuni hapo. Sikuliweka."

"Lipo, Mwalimu."

"Mwanaidi, fumbo nimelichora mimi!"

Baba yake akaja ubaoni, akainama, akafuatisha herufi kwa kidole chake kinene kutoka juu hadi chini. Lilikuwepo. Lilijitunga lenyewe kwenye zile herufi zangu za kujazia.

"Mwalimu," akasema taratibu, "huyu anasoma."

Ndege waliamiwa na mwingine.

Sasa nimestaafu. Walimu vijana hunipigia: "Mama, shikamoo, nitumie lile fumbo la Idd kwenye simu nitoe kopi." Nawakatalia, wananiona mchoyo. Na waone! Fumbo lichore mwenyewe, asubuhi ile ile, kwa watoto walio mbele yako, halafu ungoje mmoja akuonyeshe neno ambalo hukuliweka. Mimi nililingoja neno hilo kazi yangu yote, na lilipokuja lilikuwa kuni.