Mstari Chini ya Taji

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kituo cha kumbukumbu cha Tabora, nilipewa sarafu ya shaba na kuulizwa ina kasoro gani. Nikajibu haina. Mkuu wa Kumbukumbu, mtu mfupi aliyefunga vifungo vyote vya shati hata kwenye joto la Oktoba, alinitazama kwa huruma. "Basi una kazi, kijana," akasema.

Ninyi mnaoziona sarafu hizi zikinadiwa kwenye simu hamjui zilivyotutoa jasho. Katika vita vya kwanza vya dunia Wajerumani waliishiwa fedha, wakazipiga hapa hapa Tabora. Kila upande wa sarafu ulitokana na muhuri, yaani kipande cha chuma kigumu kilichochongwa taji au maandishi, kikagandamizwa juu ya shaba. Mihuri ilichoka, mingine ikapasuka. Karatasi za kazi hiyo hatukuwa nazo, kwa hiyo tulizisoma sarafu zenyewe na kujaza daftari la mihuri: upi ulitangulia, upi ulipasuka, na ikijulikana, nani aliufanyia kazi.

Muhuri ukipata ufa, shaba huingia ndani ya ufa huo, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa baadaye huzama. Kwa macho vyafanana, hasa mwanga ukitoka upande usiouzoea. "Jicho lina haraka," Mkuu alikuwa akisema. "Pitisha ukucha." Niliupitisha miaka yote ile, nikahamishiwa Igunga, nikarudi Tabora nikiitwa mtaalamu. Utaalamu ndio ulioniponza.

Asubuhi moja ya masika alikuja Mzee Idi, fundi wa shaba wa Ipuli. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akafungua leso.

"Babu yangu mzaa mama alikuwa akivuta mtambo wa sarafu," alisema. "Muhuri ulipasuka yeye yupo kazini, akaweka moja yenye ule ufa. Siiuzi, mwanangu. Nataka jina lake liingie kwenye daftari lenu."

Paa lilikuwa likivuja, nami nilikuwa nimehamishia meza ukuta wa pili, mwanga ukinijia kuliani. Nikatazama kwa lenzi mara moja tu. Mstari mwembamba chini ya taji ulionekana umezama. Watu walikuwa wakinisubiri, na habari za ukucha niliziona ni za wanagenzi.

"Mzee, huu ni mkwaruzo tu," nikamwambia. "Babu yako alijua kusimulia."

Alikunja leso yake akaondoka, nami nikaandika: mkwaruzo.

Zilipobaki wiki mbili nistaafu, ililetwa sarafu nyingine iliyookotwa Tura, karibu na reli. Ilikuwa na mstari ule ule wa sarafu ya Mzee Idi, chini ya taji lile lile, ukiishia pale pale ukingoni. Mikwaruzo miwili haiwezi kufanana hivyo. Nikapitisha ukucha, ukakwama kwenye kigongo kidogo.

Niliogopa. Siku tatu nilifungua daftari na kulifunga tena. Niliogopa kuagwa kazini kwa aibu, na niliogopa zaidi kukutana na Mzee Idi sokoni. Mwishowe nikaenda kwa Mkuu wa Kituo, mama ambaye kwa umri ningeweza kumzaa.

"Shikamoo, mzee wangu. Umebakiza siku chache," alisema baada ya kunisikiliza. "Kosa hilo nani mwingine ameliona?"

"Nimeliona mimi."

Akanisogezea kalamu nyekundu. Kwetu kosa halifutwi. Hupigwa mstari mmoja, likabaki linasomeka, na sahihisho huwekewa sahihi pembeni. Lakini jina la yule babu sikuwa nalo. Siku ile hata sikumuuliza.

Nikaenda Ipuli. Alinipokea Mwajuma, binti wa Mzee Idi. Mzee mwenyewe, akaniambia, walimzika mwaka wa pili sasa. Nikamweleza yote bila kujitetea. Aliingia ndani, akarudi na sarafu, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa inang'aa. Nikapitisha ukucha chini ya taji, ukateleza.

"Aliisugua siku ile ile aliyotoka kwenu," Mwajuma alisema. "Baba alikuwa fundi. Mkiambiwa ni mkwaruzo, alisema, mkwaruzo huondolewa. Na habari za babu yake akaacha kutusimulia. Tukimuuliza, alisema babu huyo alikuwa muongo."

Jina la babu huyo alilijua, alilisikia kwa bibi yake: Kasimu. Nililiandika kesho yake kwa wino mwekundu, kwa ushahidi wa sarafu ya Tura na wa neno langu mwenyewe lililokosea. Nikampelekea Mwajuma nakala.

Watu huniambia nimestaafu salama. Nawaitikia. Lakini Mwajuma aliisoma ile nakala mara mbili, akaikunja vizuri, akaniuliza swali ambalo mpaka leo huniamsha:

"Sawa, baba, umeandika. Na baba yangu nani atamwambia?"